Glopu Inapogandama Katika Holda

Nyumba zetu za pwani zina mgeni asiyebisha hodi, naye ni chumvi ya bahari. Upepo huileta kibarazani, uani na jikoni, ikatua juu ya vyuma na kuvuta unyevu. Ndiyo iliayo bawaba za milango, na ndiyo hiyo hiyo iigandishayo glopu katika holda hata isitoke kwa mkono.

Kitako cha glopu aghalabu ni cha alumini, na holda huwa na shaba ndani yake. Madini mawili yasiyo ya jinsi moja yakigusana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa polepole, ukazuka unga mweupe unaoziba nafasi iliyo baina yao. Glopu za kizamani zenye waya huzidisha balaa, kwani sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto, si mwanga, na joto hilo huikausha holda hata ikapasuka. Taa za LED hazina moto huo.

Kabla ya kutia glopu mpya, zimeni umeme, kisha futeni kitako kwa kitambaa kikavu. Najua ndimu na chumvi hung'arisha masinia ya shaba. Katika holda huongeza kutu. Glopu ya skrubu izungushwe mpaka ikae imara, basi. Kuikaza kwa nguvu hakuzidishi mwanga. Kila miezi michache, tuseme mnaposafisha nyumba kuikaribisha Ramadhani, ilegezeni na kuirudisha. Mafundi wana grisi maalumu isiyopitisha umeme, hupakwa utando mwembamba kwenye ringi za skrubu, pasi na kugusa ncha ya chini. Mafuta ya kupikia au ya kujipaka si badala yake: huyeyuka yakashika vumbi. Taa ya nje itiwe holda yenye kifuniko kisichopitisha maji.

Na iliyokwisha kugandama? Hapo ndipo watu huumia. Zimeni swichi kuu ya nyumba, si ile ya ukutani pekee. Nyaya zikiwa zimeunganishwa kinyume, holda hubaki na umeme wa volti 240 ingawa taa imezimwa. Glopu ipoe, mvae glavu nene, na mpande ngazi, si kiti kilichowekwa juu ya meza huku mtoto akikishika. Ya pini husukumwa ndani kwanza ndipo ikageuzwa kushoto. Kioo kikizunguka peke yake mkononi, gundi imeachia: wacheni, aitwe fundi.

Zile glopu nyeupe za mirija iliyojipinda zina zebaki kidogo ndani. Ikivunjika, watoto watolewe chumbani, madirisha yafunguliwe kwa dakika kumi hivi, kisha vipande viokotwe kwa karatasi ngumu na chembechembe kwa utepe wa gundi. Ufagio usiguse.