Mti Hauponi, Hujenga Ukuta

Mwarobaini ulioota chini ya nyaya za umeme huishi maisha ya mteja wa kinyozi. Kila mwaka kabla ya masika kijana hupanda na panga lake, akaunyoa kichwa chote, na mtaa ukapumua. Haupiti muda mrefu, pale palipokatwa yanachomoza machipukizi kumi na zaidi, membamba, yenye haraka, nayo yanazifuata nyaya zilezile. Wenye nyumba husema mti huu una kiburi.

Hauna kiburi, una njaa. Majani ndiyo jiko lake. Ukiyafyeka yote kwa siku moja, mti unachota akiba ya chakula iliyobaki ili kuyarudisha upesi. Tatizo ni kwamba machipukizi hayo yameshikilia tabaka za juu juu tu, wakati chini yake kigutu kinaoza. Yakinenepa na kuwa mazito, upepo wa kwanza wa maana huyashusha juu ya bati la jirani.

Kigutu kinaozaje, na mti mwenyewe bado hai? Swali hili lilimshughulisha Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti katika idara ya misitu ya Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Bahati yake ilikuwa msumeno wa injini ambao mtu mmoja aliweza kuubeba. Kukata mti kwa upana kunakuonyesha duara moja tu la ndani yake. Shigo aliipasua miti kwa urefu, kama mtu anavyopasua muhogo, akafuata kila kidonda kilikoanzia na kilikoishia. Inaelezwa kuwa alipasua miti zaidi ya 15,000.

Alichokiona kilimshangaza: uozo haukusambaa ovyo. Ulifika mahali ukakoma, na mpaka wake ulikuwa wazi kama ukingo wa doa la chai kwenye kitambaa. Mwaka 1977 yeye na mwenzake walichapisha maelezo ambayo watunza miti wanayatumia hadi leo. Binadamu akijikata kidole, nyama mpya huchukua nafasi ya ile iliyoharibika. Mti hauwezi. Sehemu iliyoharibika hubaki humo humo maisha yote, na kazi ya mti ni kuifungia isiambukize kwingine.

Huifungia kwa kuta nne. Kwanza huziba mirija ya maji juu na chini ya kidonda. Huu ndio ukuta dhaifu kuliko zote, na ndiyo maana uozo hukimbia zaidi kwa urefu wa shina. Ukuta wa pili ni tabaka za ukuaji, zinazouzuia uozo kuzama ndani. Wa tatu ni mistari itokayo katikati kuelekea kwenye gome, inayouzuia kuzunguka pembeni. Wa nne hujengwa baada ya jeraha, na tabaka hai lililo chini ya gome. Huu ndio ulio imara kupita zote: hutenga mti uliokuwapo siku ya jeraha na mti utakaoota baadaye. Basi mwembe wenye pango la kutosha kuku kutagia unaweza kuendelea kuzaa miaka na miaka. Pango peke yake si hukumu ya kifo. Pima kwanza unene wa sehemu nzima iliyobaki, hali ya mizizi, na kama mti umeanza kuinama hivi karibuni.

Kwa mwenye panga, ugunduzi huu una maana moja kubwa: mahali pa kukata. Tazama tawi linapotokea kwenye shina, utaona uvimbe kama shingo. Humo ndimo kinga ya mti ilimo. Ukikata kwa kusawazisha na shina ili pawe laini, umeiondoa shingo na kidonda kimehamia kwenye shina lenyewe. Ukiacha kigutu kirefu, kinakufa na kuwa njia ya kuvu. Kata nje kidogo ya uvimbe. Tawi zito likate mara tatu: kwanza kata kidogo kutoka chini, mbali na shina, kisha kutoka juu lianguke, halafu ndipo uondoe kipande kilichobaki. Vinginevyo litaanguka na kuchuna gome hadi chini.

Na ile rangi ya mafuta au lami tunayopaka juu ya kidonda? Shigo aliijaribu kwa miaka, haikuzuia uozo. Inamtuliza mpakaji.

Mizizi nayo, zege na mabomba yakipasuka, hubebeshwa lawama isiyo yake yote. Huenda kusiko na ugumu, penye hewa na unyevu, kwa hiyo mingi hukaa karibu na uso wa ardhi, na chini ya zege ndiko unyevu hujikusanya. Kwenye bomba la maji taka kwa kawaida hupenya paliposhaanza kuvuja. Kuikata mikubwa karibu na shina ni kuung'oa mti taratibu.

Mwaka jana nilimwomba kijana wetu asinyoe mwarobaini wangu, apunguze tu matawi ya upande, kila moja hadi kwenye shingo yake. Nyaya tuliwaachia watu wa umeme wazime kwanza. Akauzunguka mti mara mbili, akakuna kichwa. "Sawa mzee," akasema, "lakini mama ntilie ameshanilipa kuni za mti mzima."