Mashine Inayokausha Chanjo kwa Baridi

Je, wajua kwamba sehemu ya barafu iliyo kileleni mwa Kilimanjaro hutoweka bila kuyeyuka? Hewa ya huko ni nyepesi na kavu, jua ni kali na baridi haiondoki, kwa hiyo barafu huruka hatua ya maji na kuwa mvuke papo hapo. Jambo hilohilo hufanywa kwa makusudi viwandani, ndani ya chumba cha chuma kisichopitisha hewa, na ndilo linalotupatia chanjo za surua na kifua kikuu.

Dawa nyingi hukaushwa kwa joto. Punje zitakazoshindiliwa kuwa vidonge hupeperushwa na hewa ya moto mpaka zikauke, wala hazidhuriki. Chanjo ya surua haistahimili hayo. Ndani yake mna virusi vilivyodhoofishwa, navyo ni lazima vibaki hai ili mwili ujifunze kupambana na surua. Vikipata moto hufa. Vikiachwa majini navyo havidumu, maana ndani ya maji molekuli hutembea, hukutana na kuharibiana. Maji yanatakiwa yaondoke, na virusi visiungue.

Kazi huanza kwa kugandisha. Vichupa hupangwa kwenye rafu za mashine, kila kimoja kikiwa na kizibo cha mpira kilichoingizwa nusu tu, na baridi hushushwa hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri au zaidi. Kisha pampu hufyonza hewa. Hapa ndipo penye siri yote: shinikizo likishuka chini ya paskali 611, barafu haiwezi kuwa maji hata ikipewa joto. Ndani ya mashine shinikizo huweza kufika paskali 10, yaani takriban sehemu moja ya elfu kumi ya hewa tunayoishi ndani yake. Mvuke unaotoka hunaswa na mabomba yenye baridi kali zaidi, ukaganda juu yake.

Ajabu ni kwamba katika baridi hiyo, rafu hupashwa joto. Kugeuza gramu moja ya barafu kuwa mvuke hutumia takriban jouli 2,800, zaidi ya mara nane ya joto linalohitajika kuiyeyusha. Joto lote hilo humezwa na barafu inayoondoka, na dawa yenyewe hubaki baridi. Fundi akiharakisha na joto likazidi, muundo mzima huporomoka na kuwa utando unaonata. Ndiyo maana awamu hii huweza kuchukua siku nzima au zaidi.

Dagaa akianikwa juani hunyauka na kujikunja. Dawa iliyokaushwa hivi hubaki na umbo lake, ikiwa kitonge chepesi chenye vitundu vingi pale chembe za barafu zilipokuwa. Maji ya kuchanganyia yakitiwa, hupenya vitunduni na kitonge huyeyuka mara moja. Sukari iliyochanganywa mapema hushikilia protini mahali maji yalipokuwa, zisipoteze umbo.

Mwishoni joto huongezwa ili kutoa maji yaliyong'ang'ania, hadi yabaki kwa kawaida chini ya asilimia 3. Wala hayaondolewi yote, kwa kuwa ukavu uliopindukia nao huua vijidudu vya chanjo. Kisha rafu hushuka na kusukuma vizibo vyote ndani kabla mlango haujafunguliwa.

Thamani ya kazi hii huonekana katika historia ya ndui. Mwaka 1803 daktari Mhispania Francisco Javier de Balmis alipopeleka chanjo Amerika, aliivusha bahari ndani ya miili ya watoto yatima 22, akiwachanja wawili wawili kwa zamu ili isife njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Leslie Collier wa Taasisi ya Lister, Uingereza, alipata njia ya kuikausha kwa kugandisha, akiilinda kwa peptoni, yaani protini iliyomeng'enywa. Chanjo kavu bora ilitakiwa kustahimili nyuzijoto 37 kwa mwezi mzima. Kampeni kubwa iliyoanza mwaka 1967 iliibeba hadi vijijini kusikokuwa na umeme wala jokofu. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya asili, mpishi wa hospitali Ali Maow Maalin, alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977, naye akapona. Mei 1980 dunia ilitangazwa kuwa huru na ndui.

Lakini kinga ya ukavu hukoma pale kitonge kinapochanganywa na maji. Virusi huanza tena kuharibika, na bakteria wakiingia hupata mahali pa kuzaliana, kwa kuwa chanjo za surua na kifua kikuu hazina dawa ya kuwazuia. Kwa sababu hiyo chanjo ya surua au ya kifua kikuu iliyokwisha kuchanganywa hutunzwa kwenye ubaridi, na kilichobaki hutupwa baada ya saa 6 au huduma ya siku ikiisha mapema. Muuguzi akitupa dozi zilizosalia, hafanyi uzembe. Anamlinda mwanao.