Kabla ya kupandikiza nywele, jua kwanza kwa nini zimerudi nyuma

Vijana wengi wanaokuja kutibiwa hapa Igunga hutaja homa, tumbo au mgongo. Wakishaandikiwa dawa na kushika kitasa cha mlango, ndipo huongeza swali moja: "Dokta, nywele za mbele zinapanda. Nikapandikize?"

Swali hilo halina aibu. Mtu wa miaka 24 anayeona paji lake la uso linapanuka mwaka hadi mwaka ana hofu ya kweli. Wengine wameshatazama matangazo ya Istanbul kwenye simu, wamepiga hesabu ya nauli, na wapo wanaofikiria kuuza ng'ombe au kukopa wakisubiri fedha za pamba.

Wiki hii ningependa nikusaidie kuamua. Jibu langu kwa ufupi ni hili: kupandikiza nywele ni tiba halisi na humsaidia mtu anayefaa. Lakini kama nywele zako ndiyo kwanza zimeanza kurudi nyuma, kuna mambo mawili ya kufanya kabla ya kufikiria kisu: kujua sababu, na kuzuia zisiendelee kupotea.

Kupandikiza ni kuhamisha tu

Upandikizaji hauongezi nywele kichwani. Daktari anachukua nywele pamoja na mizizi yake kutoka kisogoni na pembeni, kisha anazipanda mbele, kwa ganzi ya sehemu husika. Kila kijipande anachohamisha huwa na nywele 1 hadi 4.

Kazi hii ina historia ndefu. Daktari Shoji Okuda wa Japani aliandika juu yake mwaka 1939. Mwaka 1959, Daktari Norman Orentreich wa New York alionyesha kwa nini inafanikiwa: nywele za kisogoni kwa kawaida haziathiriwi na homoni inayoleta upara, na zikihamishiwa mbele huendelea na tabia ya kule zilikotoka.

Hapo kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, akiba ya kisogoni ina kikomo. Nywele iliyotolewa pale haioti tena pale. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na akiba hii nayo inahitaji daftari.

La pili, upandikizaji hauzuii nywele nyingine kupotea. Fikiria kijana wa miaka 22 aliyepandikiza mstari mzuri mbele, ulioshuka chini kama alivyokuwa akiwa na miaka 15. Upara wake wa kurithi unaendelea kimyakimya nyuma ya mstari huo. Akifika miaka 32, zile zilizopandikizwa bado zipo, zilizokuwa nyuma yake zimeondoka, na amebaki na ukanda wa nywele mbele na uwazi katikati. Akitaka kuziba uwazi huo, akiba ya kisogoni huenda imeshapungua. Ndiyo maana madaktari makini wa kazi hii huwa wagumu kumpandikiza mtu aliye chini ya miaka 25.

Je, kweli zinarudi nyuma?

Si kila paji linalopanda ni upara. Kati ya miaka 17 na mwishoni mwa miaka ya 20, wanaume wengi hupoteza ule mstari wa utotoni na nywele kupanda kidogo, hasa kwenye pembe mbili za paji. Huo ni utu uzima.

Jaribu hivi: inua nyusi zako na utafute kunyanzi la juu kabisa la paji. Kama nywele zinaanza umbali wa upana wa kidole kimoja hivi juu ya kunyanzi hilo, inawezekana ni mstari wa mtu mzima tu. Kama pembe zinazidi kuingia ndani, au utosini pia panaonekana wazi, basi upara wa kurithi unawezekana.

Usitegemee kumbukumbu wala maneno ya kinyozi. Jipige picha leo, ukiwa mahali penye mwanga mzuri. Rudia baada ya kila miezi 3, mahali palepale na nywele zikiwa na urefu uleule. Picha za mwaka mmoja zitakwambia ukweli. Angalia pia ukoo wako wote, wajomba na baba zako wadogo, kwani upara hurithiwa kutoka pande zote mbili na si kwa mama peke yake kama wengi wanavyoamini.

Sababu nyingine zinazofanana na upara

Kupandikiza kunafaa pale tu sababu inapojulikana. Homa kali, upasuaji au kujifungua huweza kuangusha nywele nyingi kichwa kizima, kwa kawaida miezi 2 hadi 4 baadaye. Mama aliyejifungua akiona nywele zinajaa kwenye kitana asiogope. Kwa wengi hurudi zenyewe ndani ya mwaka mmoja. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo pia hupunguza nywele, na hupimwa kwa damu.

Mapunye kwa watoto huacha viraka vyenye magamba na nywele zilizokatika. Mzazi, hayo hayaponi kwa kupaka tu. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza ya fangasi kwa wiki kadhaa, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Kaswende nayo inaweza kunyonyoa nywele vipande vipande.

Yapo pia magonjwa yanayoharibu mizizi na kuacha kovu, kama lupasi ya ngozi. Ukiona sehemu inang'aa, haina vitundu vya nywele, inawasha, inauma au imebadilika rangi, fika hospitali mapema. Kupandikiza juu ya ugonjwa ambao bado unawaka ni kupoteza nywele na fedha, kwa sababu ugonjwa utaziua hata zile mpya.

Dada na mama, legeza kwanza

Kwa wanawake wa kwetu, nywele za mbele na pembeni mara nyingi huondoka kwa kuvutwa. Rasta ndogo zilizokazwa, wivingi nzito, kubana nywele nyuma kila siku, na kusuka juu ya nywele zilizowekwa dawa, vyote huvuta mzizi hadi unachoka. Utafiti ulioongozwa na Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta tatizo hili kwa karibu mwanamke 1 kati ya 3 waliochunguzwa.

Mwili hutoa onyo mapema. Kama ukitoka kusuka unameza panadoli ndipo ulale, umekazwa kupita kiasi. Vipele vidogo kwenye mstari wa nywele ni onyo lingine. Usisubiri wiki iishe ili fedha ya msusi isipotee, fumua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatizo likiwa changa na ukaacha kuvuta, nywele huweza kurudi katika miezi kadhaa. Likiendelea kwa miaka, mzizi hugeuka kovu na nywele hazirudi tena.

Mzazi, hili linakuhusu hata zaidi. Binti wa miaka 6 anayelia akisukwa hadeki. Mwambie msusi alegeze, asuke mistari minene, na mtoto apumzike kati ya msuko mmoja na mwingine. Hakuna upandikizaji ulio rahisi kuliko huo.

Mwanamke ambaye kovu limeshatokea anaweza kupandikizwa, na wengine hupata matokeo mazuri. Sharti lake ni kwamba kuvuta kuwe kumekoma kabisa, na sehemu iwe imetulia kwa muda bila kuendelea kupotea. Akirudia msuko uleule, zilizopandikizwa nazo zitang'oka.

Dawa zinazoshikilia zilizopo

Kwa mwanaume mwenye upara wa kurithi unaoanza, dawa ndiyo ngazi ya kwanza. Minoksidili ya kupaka, ambayo asili yake ni dawa ya shinikizo la damu, ilianza kuruhusiwa kwa nywele nchini Marekani mwaka 1988. Inahitaji miezi 4 hadi 6 kuonyesha kazi, na wiki za mwanzo nywele zinaweza kuanguka zaidi kabla ya kutulia. Ukiiacha, ulichopata hupotea ndani ya miezi kadhaa. Iweke mbali na watoto, na mama mjamzito au anayenyonyesha asiitumie.

Finasteridi ya kumeza, miligramu 1 kwa siku, iliruhusiwa huko mwaka 1997. Inapunguza homoni inayosinyaza mizizi. Kwa wanaume wachache hupunguza hamu ya tendo la ndoa au nguvu za kiume, na wapo wanaopata huzuni nzito. Ikikutokea, rudi kwa daktari. Mjamzito asishike vidonge vyake vilivyovunjika, kwa kuwa vinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Dawa hii pia hushusha kipimo cha damu cha tezi dume, hivyo mwambie anayekupima kwamba unaitumia.

Usianze dawa hizi kwa ushauri wa rafiki. Na yale mafuta ya kukuza nywele yasiyo na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, yaache huko huko yanakouzwa.

Ukiamua kupandikiza

Tuseme umefikisha umri, sababu inajulikana, na picha za mwaka mzima zinaonyesha upotevu umetulia. Bado kuna mambo matatu yanayotuhusu sana sisi Waafrika.

Kwanza ni keloidi. Kama ulitobolewa sikio, ukachanjwa au ukajikata, kisha kovu likavimba na kupita mipaka ya kidonda, mwambie daktari kabla ya jambo lolote. Uliza pia kama wazazi au ndugu zako wana tatizo hilo. Kupandikiza kuna mamia, na pengine maelfu, ya vidonda vidogo.

Pili ni vipele vya kisogoni, vile vinavyotokea baada ya kunyoa na baadaye kuwa vinundu vigumu. Kisogo ndiko zinakochukuliwa nywele. Vipele hivyo vitibiwe kwanza, na acha kunyoa kisogo hadi kwenye ngozi.

Tatu ni umbo la nywele zetu. Mzizi wa nywele ya kipilipili umejikunja chini ya ngozi, na fundi asiyezoea huukata wakati wa kuutoa. Nywele iliyokatwa mzizi ni hasara pande zote mbili. Kwa bahati nzuri, nywele zilizojikunja hufunika sehemu kubwa, hivyo anayezijua anaweza kutumia chache akapata matokeo ya kuridhisha. Dai kuona picha za wateja wenye nywele kama zako, za kabla na za mwaka mmoja baadaye.

Uliza pia: nani hasa atakayekata, daktari au msaidizi? Jina lake limesajiliwa na baraza la madaktari la nchi hiyo? Akiba yangu ya kisogoni itabaki kiasi gani? Upara wangu ukiendelea, mpango ni upi? Chama cha kimataifa cha madaktari wa kazi hii, ISHRS, kimekuwa kikionya kuhusu vituo ambako upasuaji hufanywa na watu wasio na leseni, huku jina la daktari likiwa kwenye tangazo tu. Anayekuahidi idadi kubwa ya nywele kwa njia ya simu, bila kukushika kichwa wala kukuuliza historia, anauza.

Fikiria na baada yake. Nywele zilizopandikizwa huanguka katika wiki chache za mwanzo, huanza kuota kuanzia mwezi wa 3 au wa 4, na matokeo kamili huonekana karibu mwaka mmoja au zaidi. Kidonda kikitunga usaha au kovu likianza kuvimba, wewe utakuwa Igunga na aliyekupasua atakuwa Istanbul au Nairobi. Jua mapema ni nani atakayekuona, na uwe na fedha ya matibabu hayo mbali na ile ya upasuaji.

Uanzie wapi

Anza na hospitali ya wilaya au Nkinga, upimwe damu na kichwa kiangaliwe kwa macho ya kitabibu. Ikihitajika, omba rufaa kwa daktari bingwa wa ngozi: Bugando iko Mwanza, Muhimbili iko Dar es Salaam, na KCMC ya Moshi ina kituo cha kanda kinachofundisha mabingwa wa ngozi. Nauli ya huko na gharama ya kumwona bingwa ni ndogo mno ukilinganisha na gharama ya kupandikiza.

Na kama baada ya yote hayo utaamua kunyoa kichwa chote na kuendelea na maisha, huo pia ni uamuzi kamili, hauhitaji dawa wala ganzi. Ila usiuze ng'ombe mwaka huu kwa tatizo ambalo bado hujalijua jina lake. Piga picha ya kwanza leo.