SPIKA ZA REDIO KASETI: YA KUANGALIA KABLA YA KUTOA FEDHA ZA CHAMA



Katika ukaguzi wa chama kimoja cha msingi nilikuta hati ya malipo ya Sh. 85,000 iliyoandikwa "spika 2 za redio". Hati ilikuwa na sahihi zote, stakabadhi ya duka ilikuwapo, na spika zenyewe nilionyeshwa. Kilichokosekana ni sauti. Redio ile, yenye umri wa zaidi ya miaka 35, ilicheza kwa nguvu kwa muda usiotimia saa moja, ikatoa harufu ya kuungua, kisha upande wa kulia ukanyamaza kabisa.

Mtu aweza kuuliza kwa nini chama kigharimie kikongwe kama hicho wakati sabufa zimejaa madukani. Meneja alinieleza sababu, nami niliikubali. Chama kina kaseti ya mkutano mkuu wa mwaka 1986, ambamo mzee aliyetoa uwanja wa ghala alitaja mpaka wake kwa kinywa chake. Kitabu cha kumbukumbu za mwaka ule kililiwa na mchwa. Mzee amekwisha kufariki, na warithi wake wanadai sehemu ya uwanja. Kaseti ilipochezwa mbele ya pande zote mbili, sauti ilikuwa ya kukoroma, na kila upande ukasikia ulichotaka kusikia. Ndipo Bodi ikaamua kununua spika.

Uamuzi haukuwa mbaya, ila ulitangulia uchunguzi. Sauti mbaya ina asili nyingi, na spika ni mojawapo tu. Kama stesheni za redio zinasikika vizuri lakini kaseti inasikika kana kwamba msemaji amefunikwa blanketi, kosa liko kwenye hedi inayosoma utepe; isafishwe kwa pamba na spiriti, na hakuna spika itakayoponya uchafu huo. Chomeka hedifoni. Ikiwa sauti ndani yake ni safi na kwenye spika ni ya kukwaruza, hapo spika zina lawama. Ikiwa ni mbaya kote kote, tatizo liko nyuma zaidi, katika mtambo wenyewe. Tena katika redio nyingi za aina hii njia ya umeme kwenda kwenye spika hupita kwenye tundu la hedifoni. Vyuma vya tundu hilo vikishika kutu, spika nzima hunyamaza kama mfu. Nimewahi kuona spika njema zikitupwa kwa kosa la tundu.

Sasa tuje kwenye jambo lililounguza redio ile. Kila spika ina kipimo cha ukinzani kiitwacho omu, nacho huandikwa mgongoni, juu ya sumaku. Redio ya chama ilitengenezwa kwa spika za omu 8. Bodi ilinunua spika za gari, ambazo kwa kawaida ni za omu 4. Ukinzani ukipungua nusu, umeme unaopita huongezeka mara mbili kwa sauti ile ile iliyofunguliwa, na mzigo huo wote hubebwa na aisii, yaani kile kidude cheusi chenye miguu mingi kilichobanwa kwenye bati la kupozea. Ndiyo maana redio ilivuma sana mwanzoni, watu wakashangilia. Ilikuwa ikijiunguza. Kinyume chake hakina hatari: spika ya omu 8 kwenye mtambo wa omu 4 haiharibu kitu, bali sauti hupungua. Maandishi yakiwa yamefutika, fundi apime kwa mita: ya omu 8 huonyesha kati ya 6 na 7, na ya omu 4 huonyesha kama 3 na kitu.

Spika zile ziliandikwa wati 300 kwenye boksi. Yafaa tufanye hesabu. Redio inayotumia betri kubwa 6 ina volti 9. Kwa mtambo wa kawaida, volti hizo haziwezi kusukuma zaidi ya wati 2 na nusu hivi katika spika ya omu 4, na katika ya omu 8 ni wati moja na robo tu. Basi hizo wati 300 zinatoka wapi? Hazitoki popote, wati za kwenye boksi ni kiasi ambacho spika inadaiwa kustahimili, wala si nguvu inayoongeza. Spika ya gari yenye karatasi nzito inaweza hata kuwa hafifu zaidi kwenye redio ndogo. Kipimo cha kutafuta ni desibeli kwa wati moja kwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 90 hutoa kwa wati moja sauti ambayo ile ya 87 itaitoa kwa wati mbili. Palipo na betri za kununua kila mwezi, tofauti hiyo ni fedha.

Kuhusu ukubwa, pima tundu, umbali wa parafujo na pia kina cha nyuma, maana sumaku nene hugota kwenye mashine ya kaseti. Kaseti zenyewe ziwekwe mbali na sumaku hizo. Alama za kujumlisha na kutoa zisigeuzwe upande mmoja. Gusa spika kwa betri ya volti moja na nusu kwa nukta tu, na karatasi za spika zote mbili ziruke kuelekea nje. Zikipingana, sauti nzito hupotea.

Kwa chama kile, fundi wa mjini alibadilisha aisii, kisha akafunga spika za karatasi za omu 8, inchi 4, alizozitoa katika televisheni mbovu za zamani. Spika kama hizo ni nyepesi, zina sauti ya wazi kwa maneno ya binadamu, na mafundi wengi wanazo kwenye makasha yao. (Kufungua televisheni ya kioo kinene aachiwe fundi, kwa kuwa umeme wake huua hata ikiwa imezimwa.) Gharama yote ilikuwa Sh. 38,000. Spika za gari ziliingizwa katika daftari la mali, zikauzwa kwa idhini ya Bodi.

Niliagiza jambo moja zaidi: kabla ya kuichezesha tena hadharani, kaseti inakiliwe kwenye simu kwa waya kutoka tundu la hedifoni, kwa kuwa utepe wa umri ule ukitafunwa na mashine haurudi.

Mkutano uliitishwa upya. Safari hii maneno ya mzee yalisikika mpaka nyuma ya ukumbi: mpaka wa uwanja ni mwembe ulioko mashariki mwa ghala. Mwembe ulikatwa zamani, lakini kisiki bado kipo, na warithi wenyewe ndio waliotuongoza kwenda kukitazama.