Duka la Dawa Lililo Karibu

Mtu akishikwa na homa jioni, na hospitali iko mbali, mara nyingi huenda kwanza kwenye duka la dawa. Duka li karibu, na hapana haja ya kungoja sana. Lakini ukaribu peke yake hautoshi. Dawa iliyo njema yaweza kumdhuru mgonjwa ikiwa mwenye kuiuza hajui kazi yake.

Tanzania ilipatwa na shida hiyo. Vijijini na katika miji midogo yalikuwako maduka ya dawa baridi. Kwa sheria yaliruhusiwa kuuza dawa nyepesi tu, zisizohitaji cheti cha daktari. Lakini mengine yaliuza hata zile zilizokatazwa, na wauzaji wengi hawakuwa na mafundisho ya kutosha. Kuyafunga kungaliwaacha watu bila msaada. Kwa hiyo mwaka 2003 ulianzishwa katika Mkoa wa Ruvuma mpango wa Duka la Dawa Muhimu, ambao baadaye ulienea katika mikoa mingine ya Tanzania Bara.

Mpango huo una mambo matatu. Kwanza, muuzaji hufundishwa kazi na kupewa cheti. Pili, duka hukaguliwa, jengo lake na dawa zilizomo. Tatu, huruhusiwa kuuza dawa fulani za cheti cha daktari zilizomo katika orodha maalumu, zikiwamo baadhi ya antibaiotiki.

Hata hivyo, kazi kubwa ya muuzaji ni kuuliza. Mgonjwa ana umri gani? Homa ilianza lini? Amekwisha kunywa dawa gani? Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida au aliyeshikwa na degedege, dawa ya dukani haimtoshi: apelekwe hospitali mara moja. Muuzaji amwambiaye mama hivyo amekosa faida ya shilingi chache, lakini pengine ameokoa maisha.

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Si kila homa ni malaria. Yafaa damu ipimwe kwanza. Tena asinunue nusu ya dawa kwa kuogopa gharama, wala asiache kuinywa kwa sababu amepata nafuu.

Duka la dawa si hospitali. Ni mlango wa kwanza tu, na mlango mwema humwonyesha mgonjwa njia ya kwenda mbele.