Mahali pa Kazi na Zana za Seremala Mdogo

Mtu apitaye barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, hususa anapofika Ukunda, haoni uchache wa mafundi seremala, maana vitanda, kabati, viti na milango vimepangwa kandokando ya njia mchana kutwa, na mwenye kuvikagua kwa jicho la haki atakiri kwamba mikono iliyovifanya si mikono ya kubahatisha. Walakini akiuliza kazi ile imefanyiwa wapi, aghalabu ataonyeshwa kibanda cha makuti au cha mabati kilichosimama juu ya ardhi ambayo si ya fundi, wala si ya mtu aliyempa fundi ahadi yoyote ya maandishi. Na akiuliza zana zililala wapi usiku, ataambiwa zililala nyumbani uvunguni mwa kitanda, kwa kuwa kibanda hakina mlango wa kufungwa. Makala haya yana madhumuni ya kueleza jinsi fundi wa namna hiyo awezavyo kujipatia karakana na zana kwa gharama anayoimudu, na hoja yake ni moja tu: seremala mdogo hana haja ya kumiliki nyumba wala mashine kubwa, ila ana haja kubwa ya kuwa na haki thabiti ya kuzitumia.

Uhaba wa mahali katika pwani ya kusini una asili yake. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyouhusu ukanda wa pwani uliokuwa chini ya milki ya Sultani wa Zanzibar, iliwataka wenye kudai ardhi wapeleke madai yao serikalini yaandikwe. Na jamaa wengi wa Kimijikenda, wakiwamo Wadigo wa Kwale, ambao mashamba yao yalijulikana kwa ukoo na kwa minazi iliyopandwa na wazee, walibaki nje ya daftari. Baada ya uhuru, utalii uliposhika mizizi Diani, kila kipande kilicho karibu na bahari kikapata bei ambayo fundi haifikirii, na hata vile vilivyo mbali kidogo vikageuka viwanja vya nyumba za kupangisha na maduka. Mwenye kiwanja, akipima kati ya mpangaji wa duka asiye na vumbi na seremala mwenye kelele na takataka za mbao, humchagua wa kwanza; naye seremala husogea mpaka hifadhi ya barabara, ambako hatozwi kodi kubwa, lakini siku barabara inapopanuliwa huvunjiwa pasipo fidia, kwa kuwa hakuwa na haki yoyote tangu hapo.

Fundi aliyezoea kuuza pale pale anapofanyia kazi huona kwamba kuondoka barabarani ni kuikimbia riziki yake. Hofu hiyo ina msingi, lakini inachanganya mambo mawili yanayoweza kutenganishwa. Mahali pa kuonyesha vitu panahitaji njia ya watu na nafasi ndogo. Mahali pa kuvitengeneza panahitaji nafasi kubwa, umeme na kufuli, wala hapahitaji wapita njia. Mafundi wawili watatu wanaoshirikiana kodi ya kibanda kimoja cha maonyesho pale Ukunda, ilhali kazi yenyewe inafanyika mbali zaidi, pande za Mwabungo, Kombani au Msambweni ambako pango ni nafuu, huwa wameipunguza gharama pasipo kumpoteza mnunuzi.

Basi karakana iwe ya namna gani? Katika tabia ya nchi ya pwani, jambo la kwanza si ukuta bali ni paa, kwani mvua za masika, ambazo hukaza kati ya Aprili na Juni, huilowanisha mbao iliyokwisha kukaushwa na kuutangua uungaji wa gundi, na jua la kaskazi nalo huipasua mbao hiyo hiyo ikiachwa wazi. Jambo la pili ni sakafu iliyo sawa, maana kabati lililoungwa juu ya ardhi yenye mashimo husimama upande likifika nyumbani kwa mwenyewe. La tatu ni nafasi ya kulaza mbao: ubao mbichi hupangwa kivulini juu ya vijiti vilivyolingana unene, hewa ipite juu na chini, na hukaa hivyo miezi mingi kabla haujatulia. Fundi asiye na pembe ya kukaushia hulazimika kununua mbao leo na kuichonga kesho, kisha mteja hulalamika kwamba droo haifungiki, akidhani kosa ni la mkono kumbe ni la kukosa mahali. Chumba cha futi 12 kwa 20, chenye upenu wa kulaza mbao, chawatosha mafundi wawili wasiogombana. Nacho kiwe na sanduku la zana lililo mbali na upepo wa bahari, kwa kuwa chumvi huila randa isiyopakwa mafuta hata kama haijatumika.

Sasa tuje kwenye zana, ambapo wengi hupotea kwa kutamani kila kitu kwa pamoja. Zana za seremala ni za tabaka tatu, na kila tabaka lina hukumu yake. Tabaka la kwanza ni zana za mkononi: msumeno, randa, patasi za upana mbalimbali, nyundo, kekee, tupa, bisibisi, pima maji na jiwe la kunolea. Hizi fundi azimiliki mwenyewe, wala asiziazime wala asiziazimishe, kwa kuwa makali ya patasi hufuata mkono wa mwenye kuinoa. Naye asidharau za zamani, maana randa ya chuma iliyochakaa kwa nje, ikipata ukali mpya na mpini mpya, mara nyingi huishinda mpya ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa chuma laini.

Tabaka la pili ni vitu vya mahali: meza ya seremala, jiriwa, klampu ndefu za kubania milango, na ngazi. Hivi havitumiwi na mtu mmoja kutwa nzima, kwa hiyo vyafaa kuwa vya shirika. Tabaka la tatu ni mashine za umeme, yaani msumeno wa meza, mashine ya randa na mashine ya kukerezea, nazo ndizo zinazowatia watu katika madeni. Tuchukulie, kwa mfano tu, mashine ya shilingi 90,000 inayotarajiwa kudumu miaka 5: kila mwaka huliwa shilingi 18,000 za thamani yake, na tukiongeza 6,000 za matengenezo tunapata 24,000. Fundi mmoja anayeitumia saa 2 kwa juma, takriban saa 100 kwa mwaka, kila saa yamgharimu shilingi 240 kabla ya umeme. Wakiwa mafundi 6, saa zikawa 600, hata tukikubali kwamba matengenezo yamepanda mara tatu yakafika 18,000, gharama ya mwaka ni 36,000, na kila saa ni shilingi 60. Ndiyo sababu fundi anayepeleka mbao zake yadi zikapigwe randa kwa malipo ya futi hapaswi kuona haya. Mwenye hasara ni yule aliyenunua mashine kisha ikalala chini ya turubai.

Hapo pana hadhari mbili. Kwanza, umeme wa kawaida wa nyumba ni wa volti 240 wa njia moja, na mashine nyingi kubwa zitokazo katika viwanda vilivyofungwa hutaka njia tatu za volti 415. Anayezinunua kwa urahisi wa bei huenda akatumia zaidi kwa kuletewa umeme kuliko alivyotumia kwa mashine. Pili, desturi ya kufunga mota chini ya meza na kuutoa msumeno wa duara juu pasipo kinga yoyote imewakata vidole mafundi ambao riziki yao yote imo katika vidole hivyo. Mbao za hapa kwetu zataka makali na uangalifu: mwarobaini una nyuzi zinazopishana, na mnazi ni mgumu sana kwa nje na laini kwa ndani, kiasi cha kuufanya msumeno uwe butu upesi na kuruka. Na maadamu misitu mitakatifu ya Wamijikenda iitwayo kaya, kama Kaya Kinondo na Kaya Muhaka, imehifadhiwa kisheria, na mikoko haikatwi kiholela, miti hii ya mashambani, pamoja na mwembe, mkorosho na mvinje, ndiyo tegemeo la fundi wa Kwale.

Katika jambo la upangaji, wako mafundi wengi wanaodhani kwamba asiye na mkataba wa maandishi hana kinga. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Sura ya 301, iliyotungwa mwaka 1965 kwa ajili ya wapangaji wa maduka na mahoteli, inahesabu kuwa duka hata jengo ambamo huduma hutolewa kwa malipo, na inaulinda upangaji usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5. Mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi wala kumtoa mpangaji wa namna hiyo ila kwa ilani rasmi isiyopungua miezi 2, na mpangaji ana haki ya kulipeleka shauri mbele ya baraza maalumu la kodi za majengo ya biashara. Hata hivyo maandishi ni bora, na yataje mambo manne: muda, kodi na wakati wa kuipandisha, nani alipe umeme, na mashine zilizofungwa sakafuni ni mali ya nani siku ya kuhama. Fundi asiache kuchukua risiti ya kila mwezi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfano wa ushirika hatuna haja ya kuutafuta mbali, maana uko ng'ambo ya maji, Changamwe, ambako mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliunda chama chao cha ushirika. Sanaa hiyo yasimuliwa kwamba iliingia Ukambani kwa Mutisya Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Lakini kilichoifanya iwalishe watu wengi si ustadi peke yake, bali ni mabanda ya pamoja, duka la pamoja, na desturi ya kila mchongaji kuwa na nambari yake, ili kinapouzwa kinyago ijulikane nani alipwe. Miti kama mpingo na muhugu ilipoanza kuadimika, ni chama hicho kilichowezesha wachongaji kuhimizwa kwa pamoja wageukie mwarobaini na mwembe, jambo ambalo fundi mmoja mmoja asingeliweza kulisimamia. Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1997 iliweka idadi ya chini ya waanzilishi kuwa watu 10, idadi isiyoshinda uwezo wa mafundi wa Ukunda au wa Msambweni.

Lakini ushirika usio na hesabu haudumu, hata katika nchi tajiri. Huko California, kampuni iliyoitwa TechShop ilifungua mwaka 2006 karakana ambamo kila mwenye kulipa ada aliweza kutumia mashine, ikaenea miji kadhaa, kisha mwezi wa Novemba mwaka 2017 ikafunga milango yote kwa pamoja, kwa sababu ada hazikutosha kuilipa gharama yake. Fundisho lake ni kwamba shirika lianze na mahali padogo na mashine chache zenye kazi ya kila siku, kila atumiaye alipe kwa saa, na fungu la matengenezo liwekwe kando kabla ya kugawana faida.

Na fedha za kuanzia je? Watu wa pwani wengi huikwepa riba kwa sababu za dini, nao wasidhani kwamba mlango umefungwa. Katika muamala wa ijara, benki ndiyo inunuayo mashine na kuibakisha katika milki yake, na fundi hulipa ujira wa kuitumia kwa muda uliokubaliwa. Benki kamili zifuatazo sharia zimekuwako Kenya tangu mwaka 2008. Ama asiye na hati ya ardhi, sheria ya mwaka 2017 ihusuyo dhamana za mali inayohamishika inamruhusu kuweka mashine, zana au hata deni analodai hotelini kuwa dhamana. Kwa fundi ambaye babu yake aliachwa nje ya daftari la 1908, hiyo si faida ndogo.

Limebaki neno moja kwa wenye mamlaka. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti shule za ufundi za vijijini, na kabla yake, mwaka 2009, serikali kuu ilikuwa imeanza kujenga mabanda ya jua kali katika maeneo ya ubunge, ambayo baadhi yake katika nchi yalikaa muda mrefu bila watumiaji kwa kukosa umeme au kwa kuwa mbali na soko. Katika shule hizo mna meza na jiriwa zinazolala tangu alasiri mpaka asubuhi, na likizo nzima. Serikali ya Kaunti ya Kwale na ifungue milango ya shule hizo jioni na wakati wa likizo kwa mafundi waliohitimu, kwa ada ya saa na chini ya msimamizi anayelipwa kutokana na ada hiyo. Nao mafundi wasingoje kuitwa, bali wajiandikishe watu 10, wapeleke ombi lao kwa maandishi, na wadai jibu kwa maandishi.