Damu si mikebuka

Swali hili wasomaji wa Kalemie hawaliachi: kama samaki aina ya mikebuka hukaa wiki nyingi kwenye kongelateri, kwa nini hospitali isigandishe damu, malaria inapowamaliza watoto damu? Wengine huongeza kwamba baridi itaua na virusi vya UKIMWI vilivyomo. Uongo mtupu! Maabara huvitunza virusi hivyohivyo kwa kuvigandisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.

Damu ikigandishwa hivihivi, chembe nyekundu hupasuka. Balaa kubwa huja wakati wa kuyeyusha: punje ndogo za barafu hutoweka, maji yake yakahamia kwenye punje kubwa, nazo hunenepa hadi zichane utando wa chembe.

Wapo wanaoizuia barafu isinenepe hivyo: samaki wa Antaktika wanaishi katika maji ya karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri bila kuganda. Miaka ya 1960 mtafiti Arthur DeVries alikuta katika damu yao protini zenye sukari, zinazong'ang'ania uso wa barafu. Barafu ikitaka kukua, lazima ibinuke kwenye nafasi iliyobaki kati ya protini na protini, kama donge la unga linalofura kati ya vidole. Na uso uliobinuka hauendelei kuganda mpaka baridi izidi. Baridi haizidi, basi barafu inakwama papo hapo.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, waliwaiga samaki kwa polivinili alkoholi, ambayo hutiwa hata katika matone ya macho. Punje hazikunenepa sana, chembe nyekundu nyingi zaidi zikapona. Njia ya zamani ni gliseroli: damu hudumu miaka 10 kwenye baridi kali, ila sharti ioshwe kwa mashine kabla ya kumpa mgonjwa.

Kwa sasa damu ikae nyuzi 2 hadi 6, isizidi siku 35 au 42 kulingana na dawa iliyomo kwenye mfuko wa damu. Mtoto aliyepauka apelekwe hospitali leo, si kwa muuza sharubati nyekundu anayeapa kwamba "inaongeza damu" kwa usiku mmoja. Huyo anaongeza makaburi. Nawe mwenye afya, nenda ukatoe damu.